Programu Isiyotaja Jina

Faduma Aden Gelle alifutwa mara ya nne Jumatano moja ya Agosti 1996, baina ya saa nane na saa tisa mchana, nami nilikuwa nimeketi hatua mbili tu kutoka kwenye mashine iliyomfuta. Sikusikia kitu. Feni ilivuma vilevile, jenereta ikanguruma nje vilevile, na Abshir, mwenzangu wa ofisini, akaendelea kunywa chai yake ya maziwa huku akilalamika kwamba ina tangawizi kidogo. Nilijua kesho yake, siku ya mgao, Faduma mwenyewe alipokuja kusimama dirishani kwangu na kadi mkononi.

"Wamesema tena sipo," alisema.

Hakupaza sauti. Mara ya kwanza alikuwa amepaza, hadi watu wa foleni ya mafuta wakageuka. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu alicheka, kicheko kilichonitisha kuliko kilio. Safari hii aliiweka kadi juu ya ubao wa dirisha akaiacha hapo, kama kitu alichookota njiani akitafuta wa kumrudishia.

"Abaayo Leyla," alisema, maana wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera hutuita hivyo sisi wasichana wa ofisini, dada, hata wakituzidi miaka kumi. "Niambie ukweli. Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu."

"Basi ni nani anayenifuta?"

Nilikuwa na stashahada ya kompyuta niliyoisomea Nairobi miaka miwili, na hilo ndilo swali pekee kambini humo lililokuwa langu kulijibu.

Faduma alikuwa na watoto wanne. Mume wake alibaki upande wa pili wa mpaka, Somalia, mwaka 1992 na hakuna aliyeleta habari zake tena. Kaya yake ilikuwa namba 3316, Bloki C, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, alipaswa kupata mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi ya watu watano. Alipofika lango la mgao, karani alitafuta namba yake katika orodha tuliyoichapisha jana yake kutoka kwenye mashine. Namba ikiwepo, kadi inatobolewa, unapita. Namba isipokuwepo, unasogezwa pembeni uwapishe waliopo. Kila alipofutwa nilikwenda kabatini, nikaitoa fomu yake ya karatasi, nikamwandika upya. Lakini chakula cha walioandikwa upya kilitolewa Jumamosi, kwenye foleni ya mabaki, na mabaki ni mabaki. Mara ya tatu alipata chumvi na nusu ya mahindi.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo nilimwandika tena, nikampa karatasi ya Jumamosi, kisha nikafunga dirisha kabla ya saa yake. Nilikuwa nimechoka kumrudisha. Nilitaka kumjua anayemwondoa.

Mashine kuu ya shirika letu ilikuwa na hifadhidata moja, na ndani yake kambi nzima: majina, bloki, idadi ya watoto. Programu tatu ziliingia humo. Ya kwanza ni ya uandikishaji, niliyoitumia mimi. Ya pili ni ya mgao, aliyoitumia Abshir, ndugu mmoja wa Habaswein mwenye mdomo mkali na roho safi. Ya tatu haikuwa pale hata kidogo. Ilikuwa Nairobi, makao makuu, na iliingia kwa simu ya setilaiti Jumatano ya kabla ya mgao, mchana, kuvuta takwimu zao. Jenereta ilikuwa ikizimwa saa tisa na nusu, kwa hiyo Jumatano hizo sote watatu tulikuwa ndani kwa pamoja, tukigombania saa zilezile.

Kulikuwa na daftari ndani ya mashine, lile ambalo hujiandika lenyewe kila jambo linapofanyika. Nilichapisha kurasa zake mchana huo kwenye printa yetu ya makelele. Lilieleza saa, jina la mtumiaji, jina la programu, na kilichofanyika. Nilitafuta 3316. Nikaiona. Saa nane na dakika kumi na saba, mtumiaji HAGADERA, kaya imefutwa. Na pale jina la programu lilipopaswa kuwa, palikuwa peupe.

Nikatazama mistari ya juu yake na ya chini yake. HAGADERA, peupe. HAGADERA, peupe. Kurasa kumi na moja za HAGADERA na weupe.

"Ni sisi sote," alisema Abshir akiwa amesimama nyuma yangu. "Wewe HAGADERA, mimi HAGADERA, Nairobi HAGADERA. Mashallah, ukoo mkubwa."

"Aliyeziweka hizi programu alikuwa na akili gani?"

"Alikuwa na siku nne tu na ndege inamsubiri. Nilikuwepo. Aliunda jina moja na paswadi moja, akaniambia, rafiki yangu, hii itarahisisha kazi. Na kweli imerahisisha. Sasa hata mwizi hana haja ya kujificha."

Nitaeleza jambo hili kwa lugha ya kawaida, kwa sababu nilieleza kwa watu wengi mwaka ule na hakuna aliyelielewa ila wale wasiotaka kulishughulikia. Programu inapoifikia hifadhidata, inabisha. Inasema, mimi ni mtumiaji fulani, paswadi yangu ni hii. Baada ya hapo kuna nafasi nyingine, si ya lazima, ambapo programu yenyewe inaweza kutaja jina lake. Herufi thelathini. Mimi ni programu ya uandikishaji. Mimi ni programu ya mgao. Ikitaja, daftari linaandika jina hilo kando ya kila inachokifanya. Isipotaja, mlango unafunguka vilevile, na daftari linaacha pengo. Kutaja kunahitaji mstari mmoja tu wa maandishi katika programu. Hakuna aliyekuwa ameuandika.

Nami nilifanya kazi hiyo katika uwanja ambao mlangoni pake alikaa Rage. Rage alikuwa mlinzi wetu, mzee wa Elwak mwenye ndevu za hina, na hakuwahi kuamini kwamba cheo ni jibu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta akiwa amelisimamisha lori la unga.

"Wewe nani?" alimwuliza dereva kwa Kiswahili chake.

"Mimi ni dereva."

"Dereva ni kazi. Mimi nauliza jina."

"Mutua."

"Mutua wa nani?"

"Mzee, mimi nimetoka Nairobi na huu mzigo tangu juzi..."

"Nairobi ndio baba yako?"

Wapakuzi wakaangua kicheko. Dereva akajaribu kuingiza gia. Rage akaweka fimbo yake mbele ya lori, kana kwamba fimbo ingelizuia.

"Hakuna kubita! Sema baba, sema babu, mimi naandika, halafu wewe nabita."

Dereva akasema baba, akasema babu, akapita. Msomali yeyote wa kwetu angeanza hapo bila kuulizwa. Ukifika kwenye boma la watu usiowajua huko Wajir, huanzi na shida yako, unaanza na wewe ni nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, hadi mwenyeji apate babu anayemfahamu ndipo maziwa yatolewe. Hatukuwa watu wa kuwaacha wageni waingie kimya. Lakini mashine tuliyoiletewa iliwaacha, na ndani yake ndimo tulimowaweka watoto wa watu.

Nilikwenda kwa Guleid, mkuu wa ofisi. Alikuwa mtu mpole wa mjini Garissa, wa mtaa wetu hasa, aliyeogopa barua za Nairobi kama wengine wanavyoogopa nyoka.

"Nataka kuongeza mstari mmoja katika kila programu," nilimwambia.

"Mstari mmoja."

"Mmoja, adeer," nilisema, nikimwita ami kwa heshima. "Programu ijitaje inapoingia. Basi."

"Mwaka juzi mtu aliongeza mstari mmoja tukapoteza bloki mbili."

"Ule ulikuwa wa kufuta. Huu ni wa kujitambulisha. Hauwezi kumgusa mtu."

"Na programu ya mgao je? Unaweza kuifungua?"

"Hapana. Tulipewa ikiwa imefungwa."

"Na ya Nairobi iko Nairobi."

"Ndiyo."

"Basi unaniomba ruhusa ya jambo usiloweza kulifanya." Aliuma kucha. "Andika barua."

Niliandika barua. Kurasa mbili, Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu nilitaka mtu asomaye asipate pa kujificha. Niliomba kila programu itaje jina lake, nikaonyesha mahali pa kuuweka mstari ule, nikaambatisha kurasa za daftari na weupe wake. Guleid akatia sahihi baada ya kuisoma mara tatu. Barua ikaenda na ndege ya Jumatatu. Tulisubiri jibu hadi ndege ya Jumatatu ya tatu, na halikuja.

Kusubiri kulinishinda mapema. Programu ya uandikishaji ilikuwa mikononi mwangu, wazi, mimi ndiye niliyeirekebisha ilipoharibika. Nilikaa siku moja mchana, nikauandika mstari. Haukunichukua dakika. Nilipoingia tena, daftari likaandika: HAGADERA, UANDIKISHAJI. Nilimwonyesha Abshir.

"Hongera," alisema. "Umejitaja. Sasa subiri wezi nao wajitaje, kwa aibu."

"Angalau nitajua kama ni mimi."

"Ulidhani ni wewe?"

Ndiyo, nilidhani. Mtu akifutwa mara nne karibu na mkono wako, unaanza kuutazama mkono wako.

Jumatano ya kabla ya mgao ikaja, Faduma akafutwa mara ya tano. Saa nane na dakika ishirini, HAGADERA, peupe. Si mimi. Nilifurahi kwa muda mfupi, furaha ya kijinga, kama mtu aliyegundua kwamba moto unaounguza nyumba haukutoka kwenye jiko lake. Nikamwandika tena. Kando ya kazi yangu daftari likaandika UANDIKISHAJI, safi kabisa.

Jumatano ya kabla ya mgao uliofuata nilimwomba Abshir aifunge programu yake kwa saa moja.

"Orodha ya kesho je?"

"Utaichapisha baada ya saa tisa."

"Jenereta inazimwa saa tisa na nusu. Kurasa mia nne kwa ile printa? Wataniua kule langoni, Leyla. Watanitoboa mimi badala ya kadi."

"Abshir, walaal," nilisema, nikimwita ndugu.

Alinitazama. Kisha akaifunga, akaikunja mikono yake juu ya tumbo, akasema, "Ikichelewa nitasema ni swala."

Niliifunga na yangu. Tukakaa wawili mbele ya mashine kuu, hatugusi kitu, hadi taa ya kijani ya simu ya setilaiti ilipoanza kupepesa. Nairobi ilikuwa imeingia. Ndani ya hifadhidata yote hakukuwa na mwingine. Niliita kaya 3316 kwenye kioo cha mashine kuu yenyewe, kwa kusoma tu: Faduma Aden Gelle, watoto wanne. Nikaita tena. Faduma. Nikaita tena. Saa nane na dakika kumi na nne, nikaita, na mashine ikaniambia hakuna kaya yenye namba hiyo.

Abshir hakufanya mzaha. Alisema tu, "La ilaha illallah," akainuka kwenda kuifungua programu yake.

Basi nilijua. Kesho yake nilimwandika Faduma tena, nikaitaka simu hiyohiyo ya setilaiti, na baada ya kubembeleza sana Guleid akanipa dakika kumi. Upande wa pili alikuwa Noordin, aliyesimamia kompyuta za makao makuu. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyepata chakula cha mchana.

"Dada, programu yetu haifuti watu," alisema. "Inaondoa marudio."

"Marudio gani?"

"Mtu anajiandikisha Bloki A, halafu anakwenda Bloki C kuchukua kadi ya pili. Mnayajua mambo hayo kuliko sisi. Programu inatafuta waliojirudia, inabakiza wa kwanza."

"Inawajuaje?"

"Majina matatu."

"Na umri?"

"Umri tuliuacha. Mmewaandika wote wamezaliwa Januari mosi, tutauamini vipi?"

Hapo alinipata, kwa sababu ni kweli. Sisi ndio tuliowaandika hivyo, maelfu kwa maelfu, maana hakuna mama aliyejua tarehe na fomu haikukubali mwaka wa mvua fulani.

"Bwana Noordin, katika Bloki A kuna Faduma Aden Gelle mwingine," nilisema. Nilikuwa nimeshamtafuta. "Ni bibi kizee. Ana umri wa kumzaa huyu wangu. Baba yake ni Aden mwingine, babu yake ni Gelle mwingine. Ukiwauliza babu wa nne tu, wanaachana. Hapa hata mtoto angekuuliza babu wa nne."

"Kompyuta haina nafasi ya babu wa nne."

"Basi mmekiri kwamba nyinyi ndio mnaomfuta."

"Sijakiri. Nimekueleza inavyofanya kazi. Wewe unasema iliifuta kaya hiyo. Nionyeshe. Daftari linasema nini?"

"Halisemi. Pameachwa peupe."

"Peupe si jina letu."

"Ni kwa sababu hamjitaji! Nilikuandikia barua. Ni mstari mmoja."

"Niliiona. Aliyeiandika programu yetu alimaliza mkataba, yuko ng'ambo. Hatuwezi kuigusa. Na hata tungejitaja, dada, jina la programu ni maneno tu. Yeyote anaweza kuandika lolote pale. Si ushahidi."

"Tulizima programu zote mbili hapa. Mlikuwa peke yenu."

"Hayo ni maneno yako na ya mwenzako."

Nilisikia akifunua karatasi. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo, ikawa na udadisi.

"Ila kuna jina moja naliona kwenye kurasa za mwezi huu. UANDIKISHAJI. Hiyo ni ipi?"

"Ni yangu."

"Kaya 3316, imeongezwa na UANDIKISHAJI. Wiki mbili baadaye, kaya 3316, imeongezwa na UANDIKISHAJI." Alifunua ukurasa mwingine. "Marudio yanaondolewa, mtu anayarudisha. Yanaondolewa, anayarudisha. Hapa jambo hilo tunaliita kadi hewa, dada. Na ndiyo programu pekee iliyoandikwa jina."

"Uliniambia jina si ushahidi."

"Lakini wewe umekubali kwamba ni yako," alisema Noordin, na hakuwa akinidhihaki. Nadhani alinihurumia. Dakika kumi zikaisha.

Amri ilikuja kwa redio siku ya Jumatatu, Guleid akaiandika. Guleid alinisomea akiwa amesimama, kwa heshima ya karatasi. Programu ya uandikishaji itaandika wageni wapya tu. Kaya yoyote iliyokwisha kuondolewa haitarudishwa kutoka Hagadera kwa sababu yoyote. Atakayeirudisha ataachishwa kazi.

"Adeer, wamenielewa kinyume," nilisema.

"Naelewa."

"Basi waambie."

"Niwaambie kwa jina la nani?" aliuliza Guleid, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba Garissa na mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Abshir alikuwa na shauri lake. Aliniletea na kikombe cha chai.

"Umeelewa kosa lako?" aliniuliza. "Ungenyamaza kama wenzako, sasa hivi wangekuwa wanatafuta jini. Lifute lile jina. Au bora zaidi, andika la kwao. Programu yako iingie ikisema, mimi ni Nairobi. Itaulizwa na nani?"

"Hakuna wa kuiuliza."

"Basi?"

Alisema kweli. Mlangoni kwa Rage ukijiita mwana wa fulani, atakuuliza ndugu wa baba yako ni akina nani, na ukikwama unarudi ulikotoka. Mashine haikuwa na swali la pili. Nililala na wazo hilo siku mbili. Sikulifanya, na sitaki kudai kwamba ni kwa uadilifu. Hata kama ningejiita Nairobi nikamrudisha Faduma kila Alhamisi, Nairobi yenyewe ingemwondoa kila Jumatano, naye angeishi kwa mabaki ya Jumamosi maisha yake yote. Hakukuwa na jina la kuipa programu yangu litakalomlisha. Lililohitaji kubadilika ni jina lake yeye.

Alikuja Alhamisi ya mgao uliofuata, baada ya kufutwa mara ya saba, watoto wote wanne nyuma yake, maana alikuwa ameamua kwamba huenda tukiwaona tutaona haya.

Nilifungua mlango wa pembeni nikawaingiza kivulini. Nilimweleza kila kitu polepole: mashine ya Nairobi, majina matatu, bibi kizee wa Bloki A. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Namfahamu," alisema. "Tunakutana kisimani. Huniita wajina. Si mtu wa kwetu kabisa."

"Najua."

"Wakija hapa mtu mmoja tu akawauliza..."

"Hawaji, Faduma. Kuna kusubiri msafara wa polisi, kuna kibali. Hawaji kwa ajili ya kaya moja."

"Basi nirudishe kama ulivyokuwa ukinirudisha."

"Siruhusiwi tena. Nikikurudisha nafukuzwa, na Jumatano unafutwa vilevile."

Mtoto wake mdogo, msichana wa miaka minne hivi aitwaye Hinda, alikuwa akichezea waya wa mtandao uliopita chini ya ukuta, nikamtoa.

"Ninaweza kukuandika kama mgeni," nilisema. "Kama mtu aliyefika leo. Lakini majina matatu yasifanane na ya yule bibi. Faduma libaki, Aden libaki. Tubadilishe la tatu."

"Gelle?"

"Ndiyo."

"Nimkane babu yangu."

"Kwenye karatasi tu."

"Karatasi ndiyo imeninyima chakula miezi mitatu, wewe mwenyewe umenieleza sasa hivi. Leo unaniambia karatasi ni karatasi tu?"

Aliwatazama watoto, mmoja mmoja, kama anayehesabu vitu vilivyobaki baada ya mafuriko.

"Niseme jina gani?"

"Lolote."

"Hakuna jina lolote. Kila jina ni la mtu." Alifikiri. "Andika Nunow."

"Nunow ni nani?"

"Ni mwenye punda aliyetubeba kutoka Liboi, mpakani. Alimpa huyu mdogo maji akiwa tumboni, yaani alinipa mimi. Hakutaka malipo. Sijui hata ni wa ukoo gani, Mungu anisamehe."

Niliandika. Faduma Aden Nunow, mgeni, watoto wanne, Bloki C. Mashine haikusita hata kidogo. Gelle iliyemkataa mara saba, Nunow ikampokea kwa pigo moja la kidole, ikampa namba mpya, na kando ya namba daftari likaandika UANDIKISHAJI. Nilimpigia muhuri kadi mpya. Niliikata ya zamani mbele yake, kwa sababu ndiyo sheria, naye akageuza uso.

"Kuna jambo moja," nilisema, na nilijichukia. "Mwezi ujao kuna uhakiki. Maafisa watapita bloki kwa bloki kuwahoji wageni wapya. Huwauliza watoto pembeni: mama yako anaitwa nani, majina matatu. Watoto wakisema tofauti na kadi..."

"Tunafutwa."

"Ndiyo."

Alishukuru, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alishukuru kwa maneno yote marefu ya kwetu, akaniombea mume na kizazi, akatoka. Sikufunga dirisha. Foleni ilikuwa imeanza kujipanga, na mtu wa kwanza alikuwa ameshaweka kadi yake juu ya ubao, lakini nilikuwa namtazama Faduma. Alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa ghala, watoto wakiwa wamemzunguka nusu duara.

"Mama yenu anaitwa nani?" aliwauliza.

"Faduma Aden Nunow," walisema wale watatu wakubwa, bila kuuliza sababu. Watoto wa kambini hawaulizi sababu.

"Na wewe, Hinda?"

"Faduma Aden Gelle," alisema Hinda kwa sauti ya kujivunia, kama alivyofunzwa tangu alipojua kusema.

"Nunow."

"Gelle."

"Sema Nunow, mama."

Mtoto alifikiri amekosea kutamka. Akavuta pumzi, akalisema tena lilelile, kwa nguvu zaidi na kwa ufasaha zaidi, hadi karani wa lango la mgao akageuka kutazama. Faduma hakumpiga. Alimziba mdomo kwa kiganja, akatazama kushoto na kulia, akangoja mtoto atulie. Kisha akaondoa mkono wake taratibu, akamwuliza upya mama yake ni nani.